Kutoka Kisauni mpaka Wawi na mzigo wa kamera

Kwa ndege, Unguja na Pemba zinatenganishwa na nusu saa tu. Foleni ya kupima mizigo pale Kisauni, kiwanja cha ndege cha Unguja, inaweza kuchukua muda mrefu kuliko safari yenyewe, na kwa sisi tunaopiga video chini ya maji, kupima huko ndiko kunakoamua tutarudi na nini. Wengi hudhani kazi inaanza pale mtu anapojitupa majini Misali au Ras Kigomasha. Mimi nimeona safari zilizogharimiwa vizuri zikikwama kaunta, na nimeona watu wenye vifaa vya kawaida kabisa wakirudi na picha za kupendeza, kwa sababu walijua kupanga mzigo.

Ndege zinazokwenda Pemba mara nyingi ni zile ndogo za injini moja, Cessna Caravan, zinazobeba abiria 12 hivi. Haki ya mzigo kwa kawaida ni kilo 15 kwa mtu, na kampuni nyingi huhesabu humo humo na mkoba wa mkononi. Tena wanataka begi laini, na wana sababu: mzigo huingizwa kwenye sanduku refu lililo chini ya tumbo la ndege, lenye vilango vidogo, na kitu kigumu kikubwa hakipiti au kinapoteza nafasi ya wenzako. Lile sanduku gumu la plastiki ambalo wapiga picha tunalipenda, tupu tu, lina zaidi ya kilo 5. Theluthi ya haki yako imekwenda na bado hujaweka hata skrubu moja.

Endelea na hesabu. Kasha la alumini la kuzuia maji, lile linalovaliwa na kamera, lina kilo 2 na nusu mpaka 3. Kuba la kioo linalokaa mbele ya lenzi, kilo moja. Kamera na lenzi zake, kilo moja na kitu. Taa mbili, mikono ya kuzishikia na vibano vyake, kilo 3 nyingine. Chaja, waya, regulata ya kuvutia pumzi, kompyuta ya kuzamia. Hapo mizani imeshapita 13 na hujaweka kanga wala mswaki.

Kanuni ninayoifuata ni kutokipa kitu nafasi kwa bei yake. Kila kitu nakiuliza swali moja: nikikukosa Makangale, huko kaskazini mwa Pemba, nitakupata wapi? Mitungi ya hewa, mikanda yenye vizito vya madini ya risasi, koti la kuelea, hata suti ya mpira, vyote hivyo vipo kwenye vituo vya kuzamia vya Pemba, na mtu akipiga simu mapema atawekewa saizi yake. Shati nitalinunua Chake Chake au nitaazima kwa ndugu. Lakini oringi ya kasha la kamera, ile pete ya mpira inayozuia maji yasiingie, haipo Chake, haipo Wete, na hata Darajani mjini Unguja utazunguka duka kwa duka usiipate, kwa sababu kila kasha lina oringi yake na unene wake. Basi kile kimpira chembamba, ambacho ndicho cha bei ndogo kuliko vyote, ndicho ninachokiweka karibu na mwili: kwenye kikopo cha dawa, pamoja na kitubu cha grisi yake, ndani ya mkoba wa kiunoni usiotoka kwangu. Baada ya oringi zinafuata chaja za betri, maana chaja ya taa ya kuzamia nayo haina mbadala. Kisha kadi za kurekodia. Kisha kamera na kasha lake. Suti ya mpira inakuja mwisho kabisa, na kama kilo zimeshajaa inabaki nyumbani au inatangulia kwa boti ya Mkoani, bandari ya Pemba, siku moja kabla, pamoja na tripodi na kila kizito kisichoogopa kutupwatupwa.

Mpangilio huo uliniokoa mwaka ambao begi kubwa la mwenzangu lilibakishwa Unguja. Ndege ilikuwa imejaa, rubani akapiga hesabu zake, akaamua mabegi mawili yaje kesho. Sina ugomvi na uamuzi wa namna hiyo. Ndege ndogo ina uzito wake wa kurukia, na heri begi langu lilale Kisauni kuliko mimi kulala baharini. Kilichotusaidia ni kwamba tulichokishika mkononi kilikuwa kamera, kasha, oringi, taa moja na chaja yake. Asubuhi yake tulivaa suti za kuazima, zimetubana kidogo, tukateremka kwenye ukuta wa matumbawe kama ilivyopangwa. Mteja aliyetulipa hakujua kama kuna begi lilichelewa.

Sasa betri. Hapa naomba nisikilizwe kwa makini, kwa sababu pana roho za watu.

Hatuwezi kuziacha. Maji yanakula rangi, na wekundu ndio wa kwanza kuondoka: ukifika mita 5 umeshafifia, na mita 10 tumbawe jekundu linaonekana la kahawia au kijivu. Anayetaka kuonyesha ukuta wa Pemba kama ulivyo lazima ashuke na mwanga wake mwenyewe, na taa yenye nguvu ya kutosha kwa video inataka betri kubwa ya lithiamu. Betri hizo zikipata hitilafu, kwa kugongwa au ncha zake mbili kugusana na chuma, hujichemsha zenyewe, na joto la seli moja huwasha ya jirani yake. Septemba 2010 ndege ya mizigo ya UPS ilianguka Dubai baada ya kuwaka moto ikiwa imebeba shehena ya betri za lithiamu, na marubani wake wote wawili walifariki. Kuanzia Aprili 2016 Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Anga, ICAO, limepiga marufuku shehena za betri za lithiamu-ioni kwenye ndege za abiria. Januari 2025 ndege ya Air Busan iliungua ikiwa bado kiwanjani Gimhae, Korea Kusini, kwa moto ulioonekana kwanza kwenye kabati la juu ya viti. Abiria wote walitoka hai, na tangu hapo mashirika kadhaa yamekaza masharti ya pawabenki.

Ukiyajua haya huwezi kumkasirikia mtu wa usalama anayekufungulisha mkoba. Betri ya akiba haiwekwi kwenye begi la chini hata mara moja. Inakaa na wewe, kwa sababu ikianza kutoa moshi kwenye kabini itaonekana na wahudumu wataimwagia maji, lakini ikianza kule chini hakuna wa kuifikia. Gesi ya kuzimia moto ya huko huua miali tu, haizuii seli kuendelea kuchemka.

Kipimo ni wati-saa. Chukua volti, zidisha kwa ampea-saa. Mpaka 100 unabeba bila kuomba ruhusa ya shirika. Zaidi ya 100 mpaka 160 unahitaji idhini ya shirika, na betri za akiba za kiwango hicho haziruhusiwi kuzidi mbili. Zaidi ya 160 haipandi na abiria. Taa nyingi za video zimetengenezwa zisimame kwenye mpaka ule wa 100, na hapo pana jambo la kuangalia kabla ya kununua. Betri ya seli nne inaweza kuandikwa volti 14.4 na kiwanda kimoja na volti 14.8 na kiwanda kingine, ingawa ndani ni karibu kitu kile kile. Ikiwa ina ampea-saa 6.8, ya kwanza inatoa wati-saa 97.92 na inapita kimya kimya. Ya pili inatoa 100.64, na umeshaingia kwenye kundi la kuomba idhini. Mkaguzi hapimi umeme, anasoma maandishi. Mimi nikiagiza betri naomba kwanza picha ya lebo.

Na lebo yenyewe inafutika. Chumvi ya bahari na grisi ya mikono huila polepole. Niliona mwenyewe Kisauni, nikiwa na mpiga video mkubwa wangu kiumri kutoka Tanga. Mkoba wake ulipita kwenye mashine, ukarudishwa, ukapita tena. Kijana wa usalama akaitoa betri ya taa kwa mikono miwili.

“Samahani mzee wangu, hii ya nini?”

“Ya taa, mwanangu. Taa ya kuzamia.”

“Ina wati-saa ngapi?”

Mzee akaigeuza. Upande wa lebo ulikuwa mweupe, umebaki mstari mmoja wa namba za kiwandani ambazo hazikumsaidia mtu. Akamwambia kijana ni chini ya 100, anaijua, ameitumia miaka. Yule kijana hakupandisha sauti. “Nakuamini, mzee wangu, lakini siwezi kupitisha kitu kisichosomeka. Una mtu wa kukuwekea?” Betri ikapewa shemeji yake aliyetuleta kwa gari, ikarudi mjini. Kijana alikuwa sahihi, na mzee mwenyewe alikubali tulipokaa kusubiri. Tangu siku hiyo kila betri yangu mpya, kabla haijaguswa na maji, lebo yake inazibwa kwa utepe wa plastiki unaopitisha mwanga. Ncha zake nazo nazifunga kwa utepe, kila betri kwenye kifuko chake.

Mambo mawili zaidi kuhusu betri, halafu niziache. La kwanza: taa ya kuzamia inapozwa na maji. Ikijiwasha yenyewe ndani ya begi, kwa kubanwa tu, joto lake linatosha kuyeyusha nguo na kuanzisha moto. Ndiyo maana sheria za anga zimezitaja taa hizi waziwazi, kwamba ziwe na idhini ya shirika na betri itenganishwe na taa. Toa betri, usitegemee swichi. La pili linahusu ndege zetu ndogo hasa. Caravan haina makabati juu ya viti, na mara nyingi mfanyakazi anakuomba mkoba wa mkononi pale pale chini ya ngazi auingize tumboni. Betri zisiende nao. Zangu zimo kwenye kimfuko chenye zipu juu kabisa ya mkoba, nakivuta kwa mkono mmoja na mkoba unaondoka. Bila hivyo utajikuta umechuchumaa kwenye lami, abiria wote wamekaa wanakusubiri.

Kasha la kamera nalo lina tabia yake hewani. Limetengenezwa kubanwa kutoka nje kwenda ndani, kadiri unavyoshuka ndivyo oringi inavyokaa vizuri. Ndani ya ndege ni kinyume. Kabini ya ndege kubwa inaweza kuwa na hewa sawa na ya mlima wa mita 2,400, yaani kama robo tatu tu ya mgandamizo wa pwani, kwa hiyo hewa uliyoifungia nyumbani inasukuma kifuniko kutoka ndani. Oringi inaweza kusogea kwenye mfereji wake. Au hewa inatoka kidogo, halafu mkishatua kasha linakuwa limejinyonya na halifunguki. Nimemwona mtu akihangaika na bisibisi kwenye kifuniko cha taa, na bisibisi ikaacha alama pale pale oringi inapokaa, ndiyo ikawa mwisho wa taa ile. Kwa hiyo safarini kasha langu halifungwi kwa oringi yake kubwa. Naitoa, inakaa kikoponi, kifuniko kinarudishwa na kitambaa laini katikati. Vyumba vya betri za taa ni hivyo hivyo.

Kutoka kiwanja cha Wawi mpaka Kigomasha ni safari nyingine ya zaidi ya saa moja, kupitia Konde na msitu wa Ngezi, na mwisho wake una vumbi na mashimo. Nalisema kwa sababu watu hupakia wakiwaza ndege tu. Kuba la kioo linavunjwa na barabara kuliko na ndege. Langu linasafiri limevingirishwa kwenye taulo, mapajani mwangu.

Kufunga kasha naliacha mpaka jioni, feni imezimwa, mikono imeoshwa kwa sabuni na kukauka. Nakaa kwa ami yangu Makangale, amevua maji ya kule maisha yake yote, na siku moja alinikuta barazani natandaza vitu kwenye kanga safi. Akauliza, “Mwanangu, huo mpira ndio unaozuia bahari?” Nikamwambia, “Ndio, ami.” Akaomba aushike. Akaupitisha taratibu kati ya kidole gumba na cha shahada, macho yake yako kwingine kabisa, akasimama mahali. “Hapa pana kitu.” Mimi nilikuwa nimeshaukagua kwa tochi. Niliposogeza karibu nikaona chembe moja ya mchanga, nyeupe, imenasa kwenye grisi. Vidole vya mtu wa mishipi vinajua. Siku hizi oringi naikagua kwa vidole kwanza, nimefumba macho, ndipo nawasha tochi. Na grisi ni kidogo sana, ya kuufanya mpira ung'ae tu. Grisi nyingi haizuii maji zaidi, inakusanya mchanga.

Kama chumba kina kiyoyozi, usitoe humo kamera iliyopoa na kuifungia kwenye kasha nje moja kwa moja. Kioo kilichopoa kikikutana na joto la nje kinaingia ukungu, na ukiufungia unyevu ndani utauona kwenye lenzi ukiwa mita 15 chini, huna la kufanya. Umeme wenyewe haunipi wasiwasi kama zamani. Tangu 2010 Pemba inapata umeme wa gridi kwa waya uliopitishwa chini ya bahari kutoka Tanga. Hata hivyo chaji usiku, usingoje asubuhi, na beba kigawa umeme kimoja chenye pini tatu ili usinyang'anyane soketi na wenyeji wako.

Anayevuka kwenda Dar na vifaa vya umeme asiache risiti. Mimi naweka karatasi moja yenye orodha ya kamera, lenzi na kasha pamoja na namba zao, na nakala kwenye simu. Nikiulizwa na watu wa forodha naonyesha, tunamalizana kwa salamu.

Linalobaki ni kurudi, na hapa nina msimamo mkali. Ukizamia, mwili unameza naitrojeni kwa sababu ya mgandamizo. Mita 10 tu chini tayari mgandamizo ni maradufu ya nchi kavu. Naitrojeni hiyo inataka saa nyingi kutoka polepole kwa pumzi. Ukipanda angani kabla haijatoka, inaweza kufanya mapovu kwenye viungo na kwenye neva. Mwongozo wa Divers Alert Network, unaofuatwa na wazamiaji wengi duniani, ni kusubiri angalau saa 12 baada ya kuzamia mara moja tu, mbizi isiyolazimu kusimama njiani wakati wa kupanda ili kupunguza naitrojeni, na angalau saa 18 kwa aliyezamia mara kadhaa au siku mfululizo. Sisi wa video karibu siku zote tumo kwenye kundi la pili.

Nasikia sana wenzetu wakisema ndege ya Pemba inaruka chini, haina neno. Nawaheshimu, lakini sikubaliani nao. Mwongozo ule unaanza kuhesabu kuanzia mita 600, na Caravan haina kabini ya kukandamiza hewa kama ndege kubwa, kwa hiyo ikiwa mita 1,500 juu, kifua chako nacho kipo mita 1,500 juu. Kukikutana na wingu la masika rubani atapanda zaidi, na hatakuuliza jana ulizamia wapi. Naacha saa 24 kamili. Mteja akinibana kwamba tuzamie asubuhi ya mwisho tupate kasa mmoja zaidi, namwambia tutapanda boti Mkoani badala ya ndege, tena tuchague mapema, kwa sababu kusi ikichachamaa mkondo wa Nungwi hauna mzaha na si kila mtu anauweza. Wengi wakisikia hivyo wanakubali kasa wabaki.

Siku hiyo ya mwisho haipotei. Kasha linalowekwa kwenye maji ya mfereji kwa saa nzima, vitufe vyote vinabonyezwa humo humo ili chumvi itoke kwenye mashimo, kisha linakaushwa kivulini. Suti za kuazima zinarudishwa. Nikipata nafasi napiga za nchi kavu: ngarawa zikirudi, soko la samaki, msitu wa Ngezi jioni popo wanapotoka.

Na siku hiyo ndiyo ya kunakili. Kadi za kurekodia hazidhuriki na mashine ya eksrei, kwa hilo mtu asipoteze usingizi. Zinadhurika kwa kupotea na kwa kukaa zote mahali pamoja. Natengeneza nakala mbili kwenye diski mbili. Moja inapanda ndege na mimi kwenye mkoba wa kiunoni, karibu na kikopo cha oringi. Ya pili anapewa mwenzangu anayerudi kwa boti na mzigo mzito. Kadi zenyewe sizifuti mpaka wote wawili tumefika mjini na nimefungua mafaili kwenye kompyuta, moja baada ya jingine, mpaka la mwisho.